Dada Narudia Anasubiri Jibu

Ukipiga simu saluni kwetu kutaka nafasi ya kusukwa, usitegemee kuulizwa habari za nyumbani. Utasikia sauti ya dada yangu, kavu na safi: "Saluni hapa. Ongea." Utaeleza shida zako zote, kwamba una harusi ya rafiki, kwamba nywele za mbele zimekatika, kwamba ulikwenda kwa fundi mwingine akakuunguza na dawa. Hatakukatiza hata kidogo. Ukimaliza kutakuwa kimya, mpaka udhani simu imekatika, halafu atasema, "Narudia. Rasta ndogo, Jumamosi, saa nne asubuhi. Uliwahi kuunguzwa, kwa hiyo hatutatumia dawa. Thibitisha." Na wewe, utake usitake, utajikuta umesimama wima jikoni kwako ukisema, "Nathibitisha."

Ndiyo sababu wateja wakampa jina la Narudia. Wengine siku hizi wanapiga simu hata kama hawana nywele za kusuka, wanataka kurudiwa tu. Kuna mama mmoja muuza vitambaa anayesema nyumbani kwake hakuna mtu anayesikia analosema, kwa hiyo hupiga simu saluni, akaeleza mambo yake, akarudiwa neno kwa neno, akathibitisha, moyo ukamtulia, akakata. Nilitaka kuanza kumtoza. Dada akanikataza, akasema huduma hiyo ni ya bure.

Dada yangu alikuwa mwanajeshi. Watu wakisikia hivyo huangalia mikono yake wakitafuta bunduki, lakini kazi yake ilikuwa simu ya upepo. Miaka yote ile, kwanza mpakani, baadaye nchi za watu, alikaa kwenye kibanda cha mabati na vidude masikioni, akipokea maneno ya walioko mbali na kuyafikisha kwa walioko karibu. Aliwahi kunieleza inavyokwenda. Kwenye simu ya upepo, ukibonyeza kitufe ili useme, husikii kitu. Wawili wakibonyeza kwa pamoja, wote wamepoteza. Kwa hiyo mmoja anasema kipande kifupi, anamalizia kwa "ova", anaachia kitufe, anasubiri. Mwenzake akisema "nimekupata", anaendelea na kipande kinachofuata. Asipojibiwa haendelei, kwa sababu hajui kama cha kwanza kimefika.

Aliporudi nyumbani alikabidhi stoo kila kitu cha jeshi, magwanda, buti, mpaka sahani ya bati. Hili la kusubiri hakuwa na stoo ya kulikabidhi. "Ova" aliiacha baada ya sisi kumcheka, lakini kusubiri kulibaki. Anasema sentensi moja, au mbili akiwa amechangamka, kisha ananyamaza na kukutazama usoni. Ukisema "ehe", anaendelea. Ukikaa kimya, hadithi imekufia mikononi mwako.

Na sisi kwetu ni watu wa midomo. Marehemu mama yetu alikuwa anaweza kuongea na sisi wawili, jirani na kuku kwa mpigo, na kila mmoja akapata jibu lake. Basi siku za mwanzo dada aliporudi, tulikaa tunakula, akasema, "Usiku mmoja nyoka aliingia hemani." Akanyamaza. Sote tukaacha kutafuna, tukamkodolea macho. Yeye akatukodolea macho. Mama akaona mwanawe amezidiwa na kumbukumbu, akasema, "Pole mwanangu, kula chakula." Mwaka mzima ukapita kabla hatujajua nyoka yule aliishia wapi. Kumbe alijikunja ndani ya buti la kamanda, na kamanda akapiga yowe lililosikika kambi nzima. Hadithi ya kuvunja mbavu, na sisi tulikuwa tumeizika kwa heshima.

Tulijifunza polepole. Siku hizi mikono yangu inasuka na mdomo wangu unasema "ehe" wenyewe, bila mimi kuuagiza.

Dada ana mtoto mmoja, binti. Sisi tunamwita Kasuku, maana alianza kuongea kabla ya kutembea na hajapumzika mpaka leo. Baba yake aliingia mitini mapema, tena kwa kasi, na jeshi lilipomwita dada, Kasuku alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mama yetu akambeba. Dada akaondoka. Akawa anakuja likizo fupi fupi, na kila Jumapili jioni anapiga simu. Alirudi kabisa Kasuku akiwa tayari anaiba viatu vyangu na vinamtosha.

Siwezi kusema waliishi vibaya. Shikamoo ilikuwepo, chakula kiliwekwa pembeni kwa aliyechelewa, nguo za mmoja zilipigwa pasi na mwenzake. Lakini walikuwa kama wapangaji wawili wenye adabu. Kasuku, ambaye angeweza kuongea na mlango ukamjibu, akiwa na mama yake anakuwa mtu wa "ndiyo mama" na "hapana mama". Iliniuma. Siku moja nikiwa namchana nywele nikamuuliza ana nini. Akaniambia, "Mama mdogo, unakumbuka zile simu za Jumapili? Mimi nilikuwa naongea, naongea, na yeye hasemi kitu. Nilikuwa naongea na ukuta. Mtu anapigaje simu kutoka huko kote, halafu hana neno la kumwambia mtoto wake?" Nikaendelea kuchana.

Sasa twende kwenye hiyo filamu.

Walikuja wawili. Mmoja msichana mwenye miwani ambayo haikai machoni, inakaa kichwani, na bado akawa anaitafuta. Sisi tukamwita Binti Miwani. Wa pili ni mpiga kamera, kijana mkimya mwenye roho ngumu ya kubana matumizi ya betri, kila mara anachungulia imebaki kiasi gani. Huyo akawa Bwana Betri. Binti Miwani alikuwa anatengeneza filamu ya hali halisi kuhusu wanawake waliotumikia jeshi na kurudi nyumbani. Alishaongea na dereva wa malori, muuguzi, na mmoja aliyekuwa anafundisha kuruka kwa parashuti ambaye sasa anafuga bata. Nilimpenda msichana yule. Alikuja mara ya kwanza bila kamera, akasukwa, akauliza maswali ya mtu anayetaka kujua kweli.

Dada alikubali, jambo lililonishangaza. Akawapeleka chumba cha nyuma, pale tunapoanika taulo, wakafunga mlango. Walikaa asubuhi nzima. Alipotoka uso wake ulikuwa mwepesi, kama mtu aliyeshusha ndoo kichwani. Akaniambia, "Nimesema yote." Akasubiri. "Ehe," nikasema. "Hata ya Kasuku. Filamu ikitoka, atasikia." Akavaa aproni yake, akarudi kwenye simu.

Miezi ikapita. Kasuku akamaliza chuo cha ualimu, akapangiwa shule mbali, mahali ambapo ukifika, ndio kwanza unaambiwa umekaribia. Tukaanza kumnunulia sufuria na ndoo. Wiki moja kabla ya safari yake, Binti Miwani akatoa kionjo cha ile filamu, kipande kifupi cha kuwatia watu hamu, kikaanza kuzunguka kwenye simu za watu.

Nilikiona kwenye simu ya mteja aliyekuwa chini ya draya. Dereva wa malori anacheka, muuguzi anaonyesha picha, bata wanapita. Halafu dada yangu, ameketi mbele ya taulo zangu za bluu. Anasema kwa ile sauti yake kavu, "Siku niliyoondoka nilimwacha mtoto mgongoni kwa mama yangu. Sikulia." Muziki ukaingia. Basi. Ikafuata tarehe ya kuonyeshwa.

Kasuku alikuwa ameshakiona kabla yangu. Nilipofika nyumbani nilimkuta katikati ya sebule, begi mkononi, anamwaga maneno kama bomba lililopasuka. Kwamba alijua siku zote. Kwamba sasa na dunia nzima imejua. Kwamba yeye anakwenda kukaa kwa rafiki yake mpaka siku ya safari, na mtu asijisumbue kumsindikiza stendi. Dada alikuwa amesimama karibu na meza, mikono nyuma, anasikiliza. Kila Kasuku alipovuta pumzi, nilimwona dada anafungua mdomo, na kabla hajasema, mtoto ameshaanza tena. Mwisho mlango ukabamizwa na picha ya mama yetu ikaanguka ukutani.

"Mfuate!" nikamwambia.

"Hajamaliza kusema," dada akajibu. "Akimaliza, nitajibu."

Hapo nilikasirika, nasema kweli. Nilimwambia mambo ya jeshi yabaki jeshini, kwamba huyu ni mtoto, si kituo cha mpakani. Nikamuuliza kwa nini alisema maneno makali vile mbele ya kamera. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Hayo ni mwanzo tu. Mengine yamo kwenye filamu yenyewe." Nikamwambia basi nieleze mimi hayo mengine, nikamwambie Kasuku sasa hivi, nitakimbia hata na kandambili. Akatikisa kichwa. Ujumbe ni wa Kasuku, akasema, na ujumbe wa mtu haupitishwi kwa mtu wa tatu, unaharibikia njiani. Usiku huo hakula. Asubuhi alipiga simu kwa Kasuku, na Kasuku akaongea yake yote, akakata. Akapiga tena, ikawa vile vile. Nilimwona amekaa na simu yake ya vitufe mapajani, anaitazama. Filamu ilikuwa itoke mwezi unaofuata, na mtoto alikuwa anaondoka Jumamosi akiamini mama yake alimwacha na jicho kavu. Niliogopa. Nilimwona akilini Kasuku akienda na lile begi na lile neno moja, "Sikulia", na neno likikomaa huko mbali mpaka lisitoke tena.

Kesho yake nikafunga saluni mchana, jambo ambalo wateja wangu huwa hawanisamehe, nikaenda ofisini kwa Binti Miwani. Kilikuwa chumba kidogo juu ya duka la rangi, mapazia meusi, kompyuta mbili na harufu ya tambi za kuchemsha. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nilikuwa nimepanga na maneno. Lakini alipofungua mlango alikuwa na macho mekundu, na kabla sijaanza akasema, "Umekuja kwa sababu ya dada. Karibu. Na mimi kuna kitu sikielewi."

Akaniketisha, akanionyesha kila walichorekodi. Kipande cha dada kuhusu kuondoka, kimeishia pale pale, "Sikulia." Kipande cha kambi ya kwanza, kifupi. Cha nyoka: "Usiku mmoja nyoka aliingia hemani." Mwisho. Nikaanza kucheka na huku machozi yananitoka.

"Alikuwa mgumu kuongea," Binti Miwani akasema. "Sentensi moja, kisha ananyamaza. Sikutaka kumlazimisha, nikasema labda inamuuma. Lakini angalia hapa." Akarudisha nyuma, akasimamisha picha. "Mwisho wa kila kipande anatutazama, mdomo umeanza kufunguka. Kila kipande. Nimeviangalia mpaka nikaota."

"Alikuwa anawasubiri ninyi!" nikamwambia. "Mlitakiwa mseme ehe!"

Nikamweleza habari ya kitufe na kipande na jibu. Akaishusha miwani kutoka kichwani, kwa mara ya kwanza nikaiona machoni pake. Akamgeukia Bwana Betri, aliyekuwa anajifanya anakunja waya. Ikawa hivi: dada akinyamaza, Bwana Betri anaona amemaliza, anazima kamera kubana betri. Binti Miwani anatazama karatasi yake kutafuta swali jingine. Yeye anainamisha kichwa tu, na dada, akiona kichwa kimeinama, anachukulia amejibiwa, anaendelea. Alimwaga moyo wake wote mbele ya kamera iliyozimwa na msichana aliyekuwa anageuza karatasi, na kwa heshima tu, hao wawili wakadhani ni mazungumzo ya pembeni ambayo hayarekodiwi.

"Lakini si ulisikia?" nikamuuliza. "Alisema nini baada ya hapo?"

"Nilisikia kuhusu simu," akasema, "nikakumbuka sikuagiza betri ya pili, nikaanza kumnong'oneza huyu. Sikusikia yote." Akajifunika uso. "Nisamehe." Yale maneno niliyoyapanga yote yakanitoka kichwani. Nikamkumbatia, na nikala tambi zake.

Nyumbani nilimwambia dada kama ilivyo. Alikuwa anakunja taulo. "Maneno yako hayakuingia, dada. Walikuwa wanazima. Kasuku hata akiiona filamu nzima, atakuta ile sentensi moja tu."

Akaketi juu ya kapu la nguo. "Kwa hiyo ujumbe haujafika."

"Haujafika."

Nilidhani atalia, au atawatukana, na mimi nilikuwa tayari kumsaidia. Akakunja taulo ya mwisho, akailaza juu ya nyingine, kingo zikalingana. "Usipofika, unatumwa tena," akasema. "Lakini nifanye nini? Hakai. Anaongea na kukata."

"Kukaa atakaa," nikamwambia. "Hiyo kazi niachie mimi."

Nikampigia Kasuku. Nikamwambia sitaki ugomvi wao, mimi shida yangu ni moja, mwalimu mpya hawezi kwenda kusimama mbele ya watoto wa watu na kichwa kile, atanitia aibu mimi fundi. Aje Ijumaa asubuhi, mama yake nitamtuma sokoni. Akasitasita. Lakini Kasuku ananipenda, na nywele zake anazipenda zaidi. Akaja.

Nilimsuka rasta ndogo kuliko nilizowahi kumsuka mtu. Nilianzia kulia, pole pole, huku tunapiga soga. Upande wa kulia ulipokamilika nikaweka kitana chini na kusema, "Dada, njoo." Dada akatoka chumba cha nyuma. Nyuma yake Binti Miwani, na nyuma yake Bwana Betri.

Kasuku aliruka kutoka kwenye kiti. Akajiona kwenye kioo, upande mmoja rasta zimelala vizuri, upande mwingine nywele zimesimama kama zimeona jini. Akautazama mlango, barabara yote ya watu nje. Akanitazama mimi. "Mama mdogo, wewe ni mtu mbaya sana."

"Najua. Kaa chini."

Akakaa. "Na hiyo kamera?"

"Ukitaka itoke, inatoka," Binti Miwani akasema haraka.

Kasuku akafikiri, akasonya. "Iache. Si alianza kwa kuiambia kamera? Aimalizie." Bwana Betri akachomoa draya ukutani, akachomeka kamera yake, na muuza vitambaa aliyekuwa chini ya ile draya akabaki na kichwa kibichi bila kulalamika. Angelalamikaje, na jambo limeiva vile?

Dada akaketi kwenye kiti cha kuoshea nywele, nyuma ya Kasuku, wakawa wanaonana kwenye kioo. Kasuku akaanza. Alisema yote, yale ya sebuleni na mengine ambayo sikuwahi kuyasikia, mengine ya utotoni kabisa. Akalia, akajifuta na ncha ya rasta, akaendelea. Nami nikasuka. Hakuna aliyemkatiza, na hapakuwa na simu ya kukata wala mlango wa kubamiza, kwa hiyo hatimaye maneno yakamwishia. Nilikuwa sijawahi kumwona Kasuku ameishiwa maneno.

Dada akasubiri kidogo zaidi, kuhakikisha. Kisha akasema, "Narudia. Nilikuacha mgongoni kwa bibi yako. Nimesema mbele ya watu kwamba sikulia. Kila Jumapili nilipiga simu nikanyamaza, ukawa unaongea na ukuta. Ulidhani ni kwa sababu ya kosa lako, na mpaka leo hujui ulikosa nini." Sauti ilikuwa ile ile kavu ya kuandikisha wateja, lakini mikono yake ilikuwa imeshika kingo za kiti. "Thibitisha."

Kasuku alijiziba mdomo kwa kiganja. Mtoto yule alirudiwa kila kitu, hakuna kilichodondoka. "Nathibitisha," akasema.

"Siku niliyoondoka sikulia," dada akasema. Akanyamaza.

Nikaacha kusuka. Nilitaka kusema "ehe" mpaka ulimi ukaniwasha, nikaung'ata. Nikamwona Bwana Betri kidole kinasogea kwenye kamera, nikamnyooshea kitana, akakirudisha. Kasuku alikuwa anamtazama mama yake kwenye kioo, na mama yake alikuwa anamtazama yeye, mdomo umeanza kufunguka, anasubiri. Muuza vitambaa akashika moyo wake.

"Nimekupata," Kasuku akasema.

"Ulikuwa umelala mgongoni kwa bibi. Ningelia, ungeamka. Nilikwenda kulia kwenye lori, nikalia mpaka askari wa kiume wakaanza kunigawia leso zao."

"Nimekupata."

"Tulipomaliza mafunzo tukaulizwa kila mtu anataka kazi gani. Wenzangu walitaka udereva, wengine bohari. Nikauliza ni kina nani wanakaa karibu na simu ya kupiga nyumbani. Nikaambiwa ni watu wa mawasiliano. Nikasema, niandikeni huko."

Nami hapo nilikuwa nalia wazi wazi, kwa sababu miaka yote tumemcheka kwa mambo yake ya simu ya upepo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza aliingiaje huko.

"Nimekupata, mama."

"Jumapili walikuwa wananipa dakika chache. Ukisikia sauti yangu ulikuwa unaanza kuongea, kuku kafanya nini, mama mdogo kanunua viatu gani. Ningesema mimi, ungenyamaza unisikilize, na dakika zingeisha. Mimi sikupiga ili niseme, mwanangu. Nilipiga kukusikiliza wewe. Ukimaliza nilikuwa narudia yote, peke yangu kwenye kibanda, wiki nzima."

Akanyamaza. Sijui kama alikuwa na kipande kingine, kwa sababu safari hii Kasuku hakusema nimekupata. Aliinuka na kichwa chake cha nusu, akapita mbele ya kamera, akajitupa mapajani kwa mama yake kwenye kile kiti cha kuoshea nywele, mtu mzima yule, mwalimu, na kiti kikapiga kelele ya kuomba msaada. Nilimalizia upande wa kushoto jioni, akiwa ameegemea hapo hapo. Rasta za upande ule hazikunyooka, na hakuna aliyenilaumu.

Jumamosi tulimsindikiza stendi sote, hata muuza vitambaa.

Filamu ilipotoka tuliitazama kwenye ukumbi wa chuo. Binti Miwani aliubakiza ule ukimya wote, hakukata hata mmoja. Watu walikohoa, wakajigeuza kwenye viti, na kila sauti ya Kasuku ilipojibu kutoka kwenye kioo, nikasikia ukumbi mzima unashusha pumzi.

Lakini ninayoipenda mimi ni Jumapili ya kwanza baada ya Kasuku kuondoka. Tulikuwa saluni, wateja wamejaa, simu ikalia. Dada akaona ni nani, akaiweka kwenye spika kwa sababu mikono yake ilikuwa na povu la shampuu. "Saluni hapa. Ongea." Hakuna sauti. Nikazima draya. Tukasikia upepo tu, na mahali mbali mbuzi analia.

"Kasuku?" dada akaita. "Unanipata? Mbona husemi?"

"Nakupata, mama," Kasuku akasema. "Leo nimepiga kukusikiliza wewe."

Dada alisimama na povu linamchuruzika mpaka kwenye viwiko. Akatutazama, mimi na vichwa vyote vile vibichi, kama anayeuliza aanzie wapi. Kisha akaiinamia simu na kuanza kumweleza mwanawe habari za kuku, na za viatu nilivyonunua.